Landrova ya Baba Iliposhushwa

Iko siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu. Wajukuu zangu husema bibi anapenda habari za kale, na huenda ni kweli, lakini hii sikusimulii kwa kupenda. Nakusimulia kwa sababu juzi nilipita kwa mafundi wa magari nikawakuta wanashusha gari refu, lile la kuhimili njia mbovu, wanataka likae karibu na ardhi. Mwenye gari, kijana wa umri wako, alikuwa amesimama pembeni, amekunja mikono kifuani, anatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Niliwahi kuliona usoni mwa kaka yangu Masanja, hapa hapa Mwanza, mtaa wa Igogo, katika miaka ile ya tisini.

Yule kijana sikumwambia kitu. Nilikuwa na mzigo, jua lilikuwa kali, na siku hizi mzee akiwasemesha vijana barabarani wanadhani anaomba nauli. Basi nakwambia wewe.

Baba yetu alikuwa dereva wa kiwanda cha kuchambua pamba. Aliendesha landrova moja tu, ndefu, ya rangi ya majani makavu, tangu ujana wake mpaka akaota mvi. Kiwanda kilipofungwa, kama vilivyofungwa vingi wakati ule biashara ilipoachiwa huru, wafanyakazi walipewa kilichokuwepo, na baba akapewa landrova ile badala ya kiinua mgongo. Wenzake walimcheka kwamba amepewa chuma chakavu. Yeye alijibu kwamba amepewa miguu. Hakukaa nayo muda mrefu. Aliugua akafariki, na gari likabaki kwa Masanja, mtoto wake wa kwanza na wa kiume pekee. Mimi, Kabula, ndiye niliyemfuata. Nilikuwa msichana wa cherehani, nashona barazani kwa watu, bado sijaolewa.

Mama yetu alibaki ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, kijiji kilicho ndani kidogo ukishapita Kamanga. Tulimwita mayu, kama Wasukuma wanavyowaita mama zao. Alikuwa na shamba la mihogo na ng'ombe wachache, na kuhamia mjini alikataa katakata. Alisema mjini ukibandika chungu, jirani anajua mboga kabla hujaonja chumvi. Lakini baada ya baba kufariki aliteleza kisimani, akaumia nyonga. Hakulala kitandani, ila kutembea kukawa kwa kujikokota, na kila mara Masanja alilazimika kuvuka kumfuata ili ampeleke hospitali kubwa ya mjini.

Sasa landrova ile ilikuwa juu, mwanangu. Mtu mwenye nyonga nzima hushika mlango akajivuta, amemaliza. Mayu hakuweza. Masanja alisimama nyuma yake, mkono mmoja kiunoni mwa mama, mwingine kwapani. Mayu aliweka kiganja chake begani kwa Masanja, akapumua, akapandisha mguu ulio mzima, akatulia, akapumua tena, ndipo akauvuta ule mbovu. Shughuli hiyo ilichukua muda. Wapita njia walisimama kutazama na kutoa maelekezo, maana watu wetu wakikosa pa kushika kwa mkono hushika kwa mdomo.

Masanja hakuupenda muda ule. Alikuwa mtu wa haraka. Sangara ndiye aliyekuwa ameshika mji siku hizo. Viwanda vya minofu vilifunguliwa, na vijana waliokuwa wakinunua samaki mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na kuwapelekea wenye viwanda walipata nguo nzuri na magari. Magari yenyewe yalikuwa yale yaliyotumika huko Japani, yakapitia Dubai, madogo, yanang'aa, yamekaa chini kama kuku anayeatamia. Masanja naye alikuwa mnunuzi wa samaki. Akifika mwaloni na landrova ya baba, wenzake walimwamkia, "Bwana Pamba, habari za shambani?" Alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Siku moja alipita pale nilipokuwa nashona, uso umechangamka. Aliniambia, "Kabula, namshushia mayu gari. Anateseka sana kupanda."

Nilifurahi. Nani asingefurahi? Niliacha cherehani nikaenda naye kwa fundi wake, kijana mmoja wa Musoma aliyeitwa Bwire, mchapakazi mwenye heshima zake. Bwire alilala chini ya gari akatoka na swali moja tu.

"Kaka, ng'ambo kule si ndiko unakopita?"

"Nimekwambia ni kwa ajili ya mama," Masanja akajibu.

Hakuna fundi anayebishana na neno mama. Bwire alifungua springi, zile pande ndefu za chuma zinazolazwa moja juu ya nyingine kubeba gari, akapunguza baadhi ya majani yake, ndivyo mafundi wanavyoziita pande zile. Yaliyobaki akayapiga moto yalainike na kunyooka. Matairi makubwa ya baba yakatolewa, yakawekwa madogo. Jioni gari lilipotolewa nje, mwanangu, sikulitambua. Lilikuwa limeinama. Masanja alirudi nyuma, akakunja mikono kifuani, akatabasamu kama nilivyokueleza. Na safari yake ya kwanza nalo haikuwa Kamanga. Ilikuwa mwaloni. Alizunguka pale polepole, dirisha wazi, kiwiko nje.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini sitangulii hadithi.

Ikatokea habari kwamba daktari bingwa wa mifupa anakuja Mwanza kutoka Dar es Salaam, ataona wagonjwa siku moja tu, kisha aondoke. Jina la mayu liliandikwa. Masanja nami tukavuka siku iliyotangulia ili tulale kijijini na tumlete asubuhi. Kivukoni tulipanda kwa kukwaruza kidogo tu, gari likiwa tupu. Masanja aliniambia ni mlango wa kivuko ulio mbovu. Nikanyamaza. Alikuwa kaka yangu mkubwa, na kwetu neno la mkubwa lilisikilizwa hata lilipokosa miguu.

Tulimkuta mayu amekaa uani anapukuchua mahindi. "Shikamoo, mayu," tukasema. "Marahaba, wanangu." Lakini macho yake yalikwisha kutupita. Aliitazama landrova kwa muda mrefu.

"Imepata ajali?"

"Hapana, mayu. Nimeishusha kwa ajili yako. Sasa utaingia kama unayekaa kwenye kiti."

Mayu alirudi kwenye mahindi yake. Alimaliza gunzi lile alilokuwa nalo, akalitupa kwenye lundo, ndipo akauliza, "Na barabara nayo umeishusha?"

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi tulipakia magunia mawili ya mihogo na kuku, kwa sababu mayu hakuwahi kwenda mjini mikono mitupu hata akienda kuugua. Ni kweli aliingia garini kwa urahisi. Aligeuka, akakaa, akavuta miguu ndani, basi. Masanja alifunga mlango akazunguka upande wa usukani huku akipiga mluzi.

Mluzi ule haukufika mbali. Barabara ilikuwa imechimbwa na malori, mifereji miwili mirefu, katikati tuta la udongo mgumu. Landrova ya baba ilizoea kupita juu ya tuta lile bila kuligusa. Sasa tumbo lake lililikwangua njia nzima. Na zile springi zilizopigwa moto hazikuwa na nguvu tena ya kunyanyuka. Kila shimo lilipiga chuma kwa chuma, na pigo likapanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Nilikuwa nyuma pamoja na mayu. Niliona alivyouma midomo. Hakulia. Alishika nyonga kwa mikono miwili kama mtu anayezuia chungu kisipasuke.

"Tupunguze mwendo, baba," akamwambia Masanja. Akina mama wa kwetu huwaita watoto wao wa kiume hivyo wanapowabembeleza.

"Tukipunguza tutakikosa kivuko, mayu. Tukikikosa hiki tumemkosa na daktari."

Alisema kweli, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Tulikuwa tumejiingiza mahali ambapo mwendo wa haraka ulimwumiza na mwendo wa polepole ungemkosesha tiba. Masanja alishika usukani jasho likimtiririka, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Hatimaye tukaliona ziwa.

Kivuko kilikuwa bado kipo. Lori la pamba lilikwisha kuingia na kusimama mbele, watu wamejaa pembeni na mizigo yao, akina mama wa dagaa, wafugaji, wanafunzi. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka ubavuni, mawimbi yakipiga ukuta wa kivuko, na nahodha alikuwa anawahimiza watu wapande. Kwa desturi abiria wote hushuka garini, dereva peke yake ndiye huliingiza. Baharia mmoja akatusimamisha.

"Abiria washuke."

"Nina mgonjwa wa nyonga," Masanja akamwambia. "Hawezi kutembea kwenye chuma chenye maji."

Baharia aliinama akamtazama mayu, akatazama mawimbi, akasema, "Haya, pandeni. Mfanye upesi."

Unakijua kivuko kinavyopakia, mwanangu? Mlango wake wa mbele ni bapa la chuma linalolazwa juu ya nchi kavu. Gari linapanda juu ya bapa lile kama linapanda kilima kifupi, kisha linaingia kwenye sakafu iliyo sawa. Pale kilima kinapokutana na sakafu pana kona. Magurudumu yetu ya mbele yaliivuka kona ile. Kisha nikasikia kishindo chini ya miguu yangu, na gari likakaa. Tumbo lilikuwa limelala kwenye kona, na magurudumu ya nyuma yalikuwa yanazunguka bila kushika kitu. Mbele tulikuwa ndani ya kivuko. Nyuma tulikuwa bado mlangoni. Chini ya mlango ule, baada ya nchi kavu kidogo, yalikuwa maji.

Kivuko hakikufungwa kwa kamba. Kilisimama pale kwa nguvu ya injini yake tu, kinausukuma mlango dhidi ya ufuko. Na upepo ulikuwa unakisukuma ubavu. Nikaanza kusikia sauti ya chuma kikiburuzwa taratibu juu ya changarawe. Mlango ulikuwa unateleza kando. Ungefika mwisho wa changarawe, ungening'inia, na sisi tungerudi nyuma kuingia ziwani.

Watu wakaanza kupiga kelele, huyu rudi nyuma, yule nenda mbele. Masanja alikanyaga mafuta. Magurudumu yakatoa moshi na harufu ya mpira, na mkia wa gari ukasogea upande, upande ule ambao hapakuwa na kitu.

"Masanja, tumtoe mayu kwanza," nikasema.

"Kaa hapo hapo, Kabula. Nikikanyaga mara moja tu inatoka."

"Haitoki. Mlango unateleza."

"Nimesema kaa."

Sikuwahi kumkaidi kaka yangu. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango, na mkono wangu haukujua umtii nani. Akakanyaga tena. Mkia ukasogea tena. Ndipo mayu alipoegemea mbele, akaweka kiganja chake begani kwa Masanja, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi, "Zima gari, mwanangu."

Hakuzima.

"Zima."

Akazima. Yakabaki mawimbi na ule mkwaruzo.

Nilifungua mlango wa gari. Hapa nikwambie ukweli, maana sitaki kukudanganya ili nasaha yangu ipendeze. Kule kuwa chini kwa gari kulitusaidia wakati ule. Mayu alitoa miguu nje na mara ikagusa chuma. Landrova ikiwa juu kama zamani, sijui ningemshushaje. Lakini ikiwa juu kama zamani tusingekuwa pale kabisa. Kati ya gari na ukingo wa mlango wa kivuko palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kupita, na chuma kilikuwa kinateleza kama kambale. Mayu alitazama, akapima, akakaa chini. Akaanza kupanda kwa makalio, akijivuta kwa mikono, kinyumenyume, mbele ya watu wote, mama mtu mzima mwenye mvi zake. Nilipiga magoti kwenye ukingo kumkinga asiteleze. Maji yalikuwa yananipiga kisogoni. Mama mmoja wa dagaa, mnene, aliweka chini beseni lake, akaja mpaka kwenye kona, akamshika mayu chini ya makwapa akamvuta ndani. Akanivuta na mimi. Hata jina lake sikuuliza, na leo hii namwombea bila jina.

Masanja alikuwa amekwisha kutoka. Nahodha aliongeza nguvu ya injini mpaka kivuko kizima kikatetemeka, mlango ukajishika tena kwenye changarawe. Wanaume waliruka chini, wachukuzi na wafugaji na yule dereva wa lori, wakaingia majini mpaka magotini, wakaweka mabega chini ya mkia wa gari. Walinyanyua kwa pamoja. Masanja aliinama akasukuma ubao mnene chini ya gurudumu, ili lipate pa kukanyaga. Ubao ukaingia. Akaurudia kuusogeza zaidi. Wimbi likaja, kivuko kikapanda, mabega yakayumba, na gari likatua.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mkono," kwa sauti ndogo, kama anayemkumbusha mtu kitu alichosahau.

Waligutuka, wakanyanyua tena, wakamtoa. Sitakueleza mkono ule ulivyokuwa. Landrova ilifungwa mnyororo kwenye lori, lori likasogea kidogo, na gari la baba likaburutwa ndani likilia chini kwa chini mpaka likafika kwenye sakafu. Mlango ukanyanyuliwa. Tukaondoka.

Nilichana kanga yangu nikaufunga mkono wa Masanja. Tulikaa juu ya magunia ya dagaa, sisi watatu, mayu katikati. Kivuko kilikuwa kinayumba, na watu walitupisha nafasi kama wanavyofanya penye msiba. Mawe ya Mwanza yalianza kuonekana ng'ambo, na hakuna aliyeyatazama. Tukafika katikati ya maji. Mayu akamwuliza Masanja, wala hakumgeukia:

"Gari uliishusha kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mayu."

Akangoja. Wazazi wa zamani walijua kungoja. Hawakukufukuza kwa maneno. Walikuachia njia wazi mpaka mwenyewe uone aibu kutopita.

"Na kwa ajili ya wale wa mwaloni," Masanja akasema. "Walikuwa wananicheka."

"Nani zaidi?"

Masanja aliutazama mkono wake uliofungwa. "Wao zaidi, mayu."

"Asante kwa kusema kweli. Kutaka kupendeza si dhambi. Hata mimi nilipokuwa msichana nilijipaka mafuta mpaka nzi wakanifuata. Ila ungesema, nataka kupendeza. Umechukua tamaa yako ukaivika nguo zangu, na ikishavaa nguo za mama, nani ataizuia? Fundi hakukuzuia. Mdogo wako hakukuzuia. Mimi mwenyewe nilikuona nikaogopa kukuvunja moyo, nikafanya mzaha badala ya kusema."

Wimbi lilitupiga, akanishika goti, kisha akaendelea.

"Na liko jambo jingine. Hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia usiiguse. Tangu baba yako afariki una haraka, Masanja. Ukija nyumbani unakunywa uji umesimama. Unanisalimia huku umeshika funguo. Pale tu ninapopanda gari ndipo unanishika, unasimama, unanisubiri. Nyonga inaniuma, sikatai. Lakini haikuwa inauma kiasi kile. Nilikuwa nachelewa makusudi."

Masanja, ambaye hakulia gari lilipomlalia, aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti ya mama yake, akalia. Mayu alimwekea kiganja kisogoni wala hakumbembeleza. Mimi niligeukia ziwa, maana kuna machozi ya mtu ambayo hayatazamwi.

Mjini tulikwenda hospitali moja kwa moja, kwa gari la msamaria mmoja, kwa sababu Masanja hakuweza kuendesha na mimi sikujua. Walimchukua kumtengeneza mkono. Nikamwambia mayu tuwahi upande wa pili kwa daktari wa mifupa, jina lake litaitwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya mlango alioingizwa mwanawe.

"Nenda wewe ukamwambie amwone mwingine."

"Mayu, anaondoka leo."

"Acha aondoke. Nyonga yangu ni ya siku nyingi, mkono wa mwanangu ni wa leo."

Nilimsihi. Nilimsihi mpaka muuguzi akanionea huruma. Hakunyanyuka. Daktari yule alimaliza wagonjwa wake akaenda zake, na Masanja alipotolewa, vidole vyake viwili vya mwisho havikuwepo. Mayu alitembea na fimbo mpaka Mungu alipomchukua. Masanja akiulizwa habari za vidole alijibu bila shida. Akiiona fimbo ile imeegemezwa ukutani, aligeuza uso.

Baadaye alimrudia Bwire ili landrova irudi juu. Bwire alimwambia majani yaliyopigwa moto hayarudi yalivyokuwa, labda yatafutwe mengine. Maji yakimwagika hayazoleki. Masanja alihangaika kwenye vyuma chakavu vya mji mzima, Igogo mpaka Kisesa, akapata moja huku na jingine kule, na gari likapanda tena, ingawa upande mmoja ulibaki umezidi kidogo. Wa mwaloni walicheka zaidi ya mwanzo. Aliwaacha wacheke. Alitengeneza na kigoda cha kupandia garini, akampelekea mayu. Mayu alikishukuru sana, akakipeleka jikoni akawa anakikalia akipika. Kupanda gari aliendelea kupanda kwa namna yake, na Masanja alisimama nyuma yake, akangoja, wala hakushika funguo.

Basi mwanangu, sikukatazi kushusha gari. Ukiwa nalo ni lako, na nyakati zina mapambo yake. Nakuomba tu, kabla hujapunguza kitu ulichokikuta, uliza aliyekiweka juu alikuwa anakwepa nini. Baba yetu alizipita njia zile miaka mingi na hatukuwahi kumwuliza kwa nini gari lake lilikuwa refu. Tuliona kimo, hatukuona mawe. Usione vyaelea, ukadhani havikuundwa. Ukitaka kupendeza, sema nataka kupendeza, na watu watakushauri kama mtu anayetaka kupendeza. Lakini usiibebeshe tamaa yako jina la mama, wala la mtoto, wala la Mungu, kwa sababu tamaa ikibeba jina kubwa hakuna anayethubutu kuisimamisha, hata wewe mwenyewe. Na ukimwona mkubwa wako anakanyaga mafuta mahali pabaya, usingoje kama nilivyongoja mimi mkono kwenye kitasa. Fungua mlango. Heshima kwa mkubwa haisemi mzame wote.

Zaidi ya yote, mtu unayetaka kumsaidia, mwulize. Kuuliza si ujinga. Wazee hatusemi yote. Yapo mengine tunayaita maumivu kwa sababu tunaona haya kuyaita upweke, na wewe kwa wema wako ukaja na nyundo na moto kutuondolea kitu kidogo tulichokuwa tunakipenda.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye njia kavu na kwenye maji, akupe wazazi wa kuwauliza, na wao awape umri wa kukujibu.